Nani Anapika Nyumbani

...nani anapika nyumbani, anauliza daktari, na kalamu inalia ka, ka, ka mkononi mwake, kijana mdogo, shingo bado ina vipele vya wembe, na jibu la swali lake limekaa hapa pembeni yangu kwenye kiti cha plastiki, limejitanda shali, limepakata mkoba, linapumua kwa mdomo, jibu ni mama mkwe wangu, nani tena, lakini silitoi bado, acha nilitafune kwanza, maana vingine vyote vitamu vya kutafuna nimeshakatazwa, na karatasi ya majibu iko pale mezani, ameshatusomea, damu yako, mama, bado inapigana, namba zilitakiwa ziwe zimeshuka na hazijashuka, bado unakula ngano, sili, nikamwambia, unakula, akasema, hata kama hujui, inaingilia mahali, na mimi badala ya kulia nikajisikia kama mtu aliyeshinda kesi, ona sasa, damu haina mume wala mkwe, damu haioni haya kusema, kikulacho ki nguoni mwako, na changu kimekuja na nguo zake nzuri kabisa, kimejipaka na mafuta, kimesema nitakusindikiza mwanangu, usiende peke yako kwa madaktari, kumbe... na Jumamosi si mbali, mume wangu alisema mwenyewe, juzi jikoni, nilipomwambia ama mama yako ama mimi, akakuna kichwa, akatazama dari kama dari ndiyo mama yake, akasema tungoje majibu, yakiwa mabaya Jumamosi nampeleka kwa dada, dada yake, yaani wifi yangu, yule atakayempa chumba cha nyuma penye mashine ya kufulia na kumsemea juu ya kichwa kama sanduku, amekula, ameoga, amelala, shauri yao, mimi nimechoka kuwekewa sumu kwa adabu.

Na chumba kinanuka, dawa ya sakafu juu, soksi za mtu chini, na ukutani wamebandika picha ya utumbo, mwekundu, unang'aa, umejikunja kama umelambwa, nani alimwambia daktari kwamba mgonjwa anataka kuangaliana na utumbo, mimi wangu nimeshauona, mwanzoni mwa mwaka, siku ya mpira, waliponipulizia kooni dawa chungu mpaka ulimi ukawa wa mtu mwingine, wakanilaza ubavu, wakanitia mdomoni kipete cha plastiki nikiume kama farasi, wakasukuma mpira wenye kamera, muuguzi akisema meza mama, meza kama tonge, tonge gani hilo lenye taa, na mate yakanichuruzika shavuni yakaingia sikioni, yangu mwenyewe, ya moto halafu ya baridi, na sauti niliyokuwa naitoa, lo, sauti ya karo la jikoni lililoziba, na kwenye kioo ukuta wangu wa ndani unapita, umelowa, umepauka, wakanyofoa vipande vidogo wakaviweka kwenye chupa vikaelea, na baadaye huyuhuyu mwenye kalamu akaniambia, utumbo una vijidole vidogo visivyohesabika, ndivyo vinavyopokea chakula, vyako vimelala vyote, chapa, ni siliaki, mwili wako haupatani na gluteni, na gluteni ndiyo inayoufanya unga wa ngano uvutike, hakuna kidonge, dawa ni kuacha, kuacha kabisa, hata chembe, hata kisu kilichokatia mkate usikiguse... na miaka yote ile nimeitwa mvivu, nimeitwa mwenye kununa, nimeulizwa kama nina mimba, tumbo limejaa kama ngoma, mifupa inauma, nywele zinabaki kwenye kitana, na chooni, jamani, chooni ni aibu ya peke yake, kinyesi cheupe chenye mafuta, kinaelea, unavuta maji kinazunguka kinarudi, kinakutazama, kama mgeni aliyeagwa akaomba chai, na harufu inanitangulia inafika sebuleni kabla yangu, watoto wanafungua madirisha bila kusema neno, hiyo ndiyo heshima niliyobaki nayo katika nyumba yangu, watoto wanaofungua madirisha kimyakimya, afadhali wangecheka.

Na kabla ya mpira, hili ndilo linalonitia kichefuchefu mpaka leo, ilibidi nile mkate kwa amri, kipimo cha kwanza cha damu kilikuwa kimeshanong'ona, mimi nikauacha mkate mwenyewe, nikaanza kupata nafuu, daktari akasema la, usiache bado, kula kila siku mpaka tupitishe mpira, ukiacha utumbo utaanza kupona na hatutaona kitu, yaani nile sumu ili niaminiwe kwamba ni sumu, na nani alifurahi, Bi Kuchovya alifurahi, Bi Kuchovya ndilo jina nililompa mama mkwe moyoni, mdomoni halijawahi kunitoka, Mungu apishe mbali, ni kwa sababu hawezi kula mkate bila kuuchovya kwenye chai, anauchovya mpaka unavimba, unaning'inia, unakatika, plup, anauvua kwa vidole, anaufyonza, na chini ya kikombe linabaki tope, na lile tope analinywa, na meno yake ya bandia asubuhi yako ndani ya glasi yanacheka peke yake, juu ya maji kinaelea kipande kilekile cha jana... huyo ndiye aliyenikatia vipande vinene kama matofali, akapaka siagi mpaka pembeni, akakaa mbele yangu ananitazama koo, kula mwanangu, si umeona, hata daktari kasema ule, na mimi nikala, nikakimbia, nikatapika, nikarudi, nikakuta kipande cha pili kinanisubiri, kakifunika na sahani kisikauke, na majibu ya mpira yalipotoka akasema ugonjwa wa mkate, tangu lini, sisi tumezaliwa tukaukuta mkate, waliokufa walikufa kwa mengine, lakini jikoni hakutoka, nitakupikia mwenyewe, akasema, wali, viazi, mayai, mtu asikugusie chakula chako, na miezi yote hii nala cha mkono wake na tumbo halishuki, haya, jumlisha mwenyewe.

Nilianza kumchunguza, kwani mimi mtoto, mkate mezani haupo tena lakini mkate anao, anatoka nao uani kwenye mfuko uliofungwa fundo, akirudi mdomo umelowa, mikono imelowa mpaka viwikoni, unafanya nini nje mama, napunga upepo mwanangu, upepo gani huo unaolowesha, na anashtuka, anaficha mfuko nyuma ya nguo kama mwizi wa kuku, na siku nilipofagia chumbani kwake nikakuta sufuria mpya chini ya kitanda, imeviringishwa kwenye taulo, sufuria, chini ya kitanda, nikaitoa nikainusa, haikunuka kitu, na hicho ndicho kilichonitisha, kwa sababu mtu mwenye nia njema hafichi chombo cha jikoni mahali pa kandambili, nikairudisha vilevile, sikumwambia, nikamwambia mwanawe, na mwanawe akasema nyani haoni kundule, mke wangu, hebu jiangalie na wewe unakula nini huko kazini, mimi, nakula wali wake yeye, alionifungia yeye, kwenye kopo lenye kifuniko cha kijani, hata chai siku hizi nakunywa kavu, nikamjibu kwa maneno ambayo sitayarudia mbele ya picha ya utumbo.

Na asije mtu akasema mimi ni wa kinyaakinyaa, mimi ni mtoto wa fundi wa kujalidi vitabu na ni fundi mwenyewe, kinyaa tulikiacha mlangoni pa karakana nikiwa sijaota meno ya ukubwani, vitabu vinatufikia vimekufa, vya maktaba, vya shule, vya marehemu, vina koga, vina mavi ya mende, vina kamasi za watoto wa watu katikati ya kurasa, mtu mmoja aliwekea alama kwa mfupa wa samaki, na nyama yake, na mimi navifumua, navifuta, navishona, nalamba kidole nafunua, nalamba kidole nafunua, sijawahi kutapika kwa kazi, na gundi tunaipika wenyewe, ya dukani baba hakuitaka, aliita makamasi ya kiwandani, unga mweupe, maji, moto mdogo, koroga usiache mpaka ing'ae, na gundi huonjwa, hiyo ndiyo ilikuwa sheria ya baba, huonjwa ikiiva, huonjwa ikipoa, huonjwa jioni kabla ya kufunikwa, kwa sababu iliyoanza kuchacha ulimi huijua kabla ya pua, na jalada lililobandikwa kwa gundi iliyochacha halimalizi mwaka limeota ndevu, na haitemwi, anayetema gundi yake, baba akisema, anamwambia mteja kwamba kazi yetu ni uchafu, kwa hiyo tunameza, alimeza yeye, na alipolala kitandani hawezi tena kushika brashi nilimpelekea kidogo kwenye kijiko, akaionja amefumba macho, akasema bado mbichi, rudisha motoni, na hilo ndilo neno la mwisho la maana aliloniachia, rudisha motoni, nami kila asubuhi nikionja namwona, ndiyo maana kwa ulimi huu hanidanganyi mtu, angetia unga kijiko kizima kwenye mchuzi ningemkamata mchana kweupe, ndiyo maana basi anatia kidogo, mjanja, anatia kama manukato.

Mama, ananiita daktari, mama, umenisikia, nani anapika, na kalamu imenyamaza, amenisogezea kijitabu cha vyakula nipitie tena, kama kuna kitu umekisahau, anasema, na mimi navuta pumzi nitamke, nimeshaupanga usemi wangu, mwulize huyu hapa anafanya nini na sufuria, lakini pembeni yangu kiti kinalia na Bi Kuchovya anasema mimi, daktari, mimi ndiye ninayepika, kwa sauti ndogo ya mtu aliyeitwa mbele ya darasa, sawa bibi, anasema daktari, unampikia kwenye sufuria gani, ya kwake peke yake, nilimnunulia, naiweka chini ya kitanda changu wajukuu wasije wakachemshia tambi zao, watoto unawajua daktari, ukigeuka tu... na mimi nafungua kijitabu nisimtazame, kitabu gani hiki, kimebanwa kwa pini mbili na moja imepinda, kurasa zimekatwa upogo, aliyekifanya hakuwa na baba, nalamba kidole nafunua, chini ya kitanda wajukuu wasichemshie, mwongo, au, nalamba kidole nafunua, na wewe mkate unakula bado bibi, nakula daktari, nisiseme uongo, mkate siuwezi kuuacha, unaula wapi, nje, uani, pale bombani, kwa nini nje, si ulisema hata chembe, mkono wangu unatetemeka daktari, makombo yanadondoka siyaoni, basi naulia nje, nasukutua, nanawa mpaka hapa, ndiyo naingia, na anamwonyesha, najua anamwonyesha kiwiko ingawa simtazami, mpaka viwikoni, upepo unaolowesha, amekaa kwenye bomba na jua lote lile, mtu mzima na meno yake, anachovya mkate wapi huko, kwenye nini, au siku hizi anautafuna mkavu... nalamba kidole nafunua, na kuna kitu.

Kuna kitu kwenye kidole, chini ya kucha, kizito, chororo, utamu wa mbali kama wa maziwa ya mtoto, ni gundi ya leo, nimetoka karakanani moja kwa moja, nilinawa juujuu, imeiva vizuri ya leo, baba angesema hii sasa ndiyo, imevutika vizuri, imevutika... nini kinaufanya unga uvutike, daktari, ulisema nini siku ile, ulisema gluteni ndiyo inayoufanya unga uvutike, unga mweupe, unga mweupe wa nini, na nauona mfuko, uko pale kando ya jiko la karakana, ndio ninaoukalia kila mchana nikila wali wangu msafi kutoka kwenye kopo lake la kijani, maandishi ya bluu yametanda ubavu mzima, unanichapa kalioni mpaka nguo ina ukungu wa unga wake, ngano, umeandikwa NGANO, herufi kubwa kama kiganja, mimi ninayesoma kila pakiti dukani mpaka muuzaji ananikoholea, nimeikalia ngano nikimlaani mwenye kupika wali, lakini gundi si chakula, nani anahesabu gundi, daktari aliniuliza unakula nini hakuniuliza unapaka nini, na kuonja si kula, kuonja ni kazi, kuonja ni baba, ikiiva, ikipoa, jioni kabla ya kufunika, na kati ya hapo kidole, kidole kwenye gundi, kidole mdomoni, kidole kwenye ukurasa, mchana kutwa, makamasi ya watoto na mavi ya mende na ngano, ptuu, na mimi ndiye niliyekuwa nahesabu makombo ya ajuza kwenye glasi, na baba, baba naye alikuwa na tumbo lile, akikaa chooni asubuhi mpaka gazeti linaisha, mashavu yameingia ndani, tukasema ni uzee, nami nikampelekea kijiko kitandani, akameza, bado mbichi, akasema... nataka kutapika hapa hapa juu ya kijitabu chenye pini mbili, najiona wote, ndani na nje, ule ukuta uliopauka, na huu mdomo, huu mdomo uliosema jikoni juzi kwa sauti ya juu na mlango wazi, ama mama yako ama mimi, mlango wazi, chumba chake kiko hatua ngapi kutoka jikoni, hakuna hata hatua, ni ukuta tu, na ukuta wenyewe wa mbao.

Andika kwamba ni mimi, daktari, anasema Bi Kuchovya, anasema mama, huenda ni mimi, macho yangu si kama zamani, huenda nilikosea kijiko, andika hivyohivyo, mimi nguo zangu nimeshakunja, Jumamosi naenda kwa binti yangu, basi huyu apone tu, alikuwa na mwili mzuri huyu alipokuja kwetu, na anafungua mkoba, anatafuta leso, mkobani sioni mkate, naona leso, naona ile kanda ya kitambaa anayofungia mizigo yake, imeshakunjwa, iko tayari, na daktari anamsikiliza, hajaandika, ananigeukia mimi, ni kweli mama, kalamu ka, ka, ka, ni kweli, na picha ya utumbo ipo palepale, na soksi za mtu zinanuka palepale, na jibu ninalo, si lile nililokuja nalo, nikifungua mdomo litatoka, mama hakosei kijiko, daktari, ni mimi, ni gundi, ni neno fupi tu, mkono wake wenye leso uko hapa kando ya goti langu na nikinyoosha wangu nitaufikia, ila wangu uko juu, kidole bado kimo mdomoni, sijakitoa, kinyaa kimenijaa mpaka machoni, na ulimi, wenyewe, bila kuniuliza, unazunguka chini ya kucha unatafuta kilichobaki, na kilichobaki, jamani, kitamu.